Kitambulisho Hakijaisha Muda, Lakini Mwenyewe Kafukuzwa

Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia, na wale walioomba wayapate kwa maandishi.



Bila shaka umewahi kuliona gazetini tangazo la namna hii. Picha ndogo ya mtu, iliyokuzwa kutoka katika kitambulisho, na chini yake maneno machache: umma unaarifiwa kwamba mtu ambaye picha yake inaonekana hapo juu si mfanyakazi wetu tena, na yeyote atakayefanya naye shughuli kwa niaba ya kampuni atakuwa amefanya hivyo kwa hasara yake mwenyewe. Wengi wetu tunaliruka tangazo hilo tukikimbilia habari za mpira.

Jirani yangu, mama mwenye duka la rejareja, hakuliona kabisa, kwa sababu siku hiyo hakununua gazeti. Siku tatu baadaye akaja kijana yule yule aliyezoea kuja kukusanya fedha za bidhaa zinazochukuliwa kwa mkopo. Kavaa fulana ya kampuni, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Mama yule si mjinga. Alikishika kitambulisho akakisoma: jina ni lile lile, picha ni yake, mhuri upo, na tarehe ya mwisho ni Desemba, miezi saba mbele. Akamhesabia shilingi 180,000. Juma lililofuata akaja mtu mwingine kudai fedha zile zile, na gazeti la zamani mkononi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu jambo ninalotaka tulizungumze leo, ingawa ni la kompyuta, ni hilo hilo.

Kila unapofungua ukurasa wa benki yako kwa simu, au wa duka lolote la kwenye intaneti, simu yako hufanya kama alivyofanya mama yule. Kompyuta ya upande wa pili huionyesha kitambulisho, ambacho wataalamu hukiita cheti. Ndani ya cheti mna ufunguo wa hadharani wa benki. Kwa ufunguo huo simu inaweza kuhakikisha kwamba anayezungumza nayo ndiye mwenye ufunguo wa pili, ule wa siri, ambao benki haimwonyeshi mtu. Wakishatambuana, maneno yote yanayopita kati yao hufungwa kwa fumbo, hata anayesikiliza njiani asiambulie kitu. Cheti chenyewe kimetiwa sahihi na mtoa vyeti, ambaye simu yako imefundishwa kumwamini tangu ilipotoka kiwandani.

Sasa, ufunguo wa namna hii unaweza kufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwisha muda. Ya pili ni kubatilishwa: labda ufunguo wa siri umeibwa, labda mtoa vyeti alidanganywa akampa asiyestahili, basi unatangazwa kuwa haufai ingawa tarehe yake haijafika.

Njia hizi mbili zinafanana kwa matokeo, lakini kwa yule anayekagua ni mbali kama mbingu na ardhi. Kwisha muda kumeandikwa juu ya cheti chenyewe: kinaanza tarehe fulani, kinakoma tarehe fulani. Programu inasoma tarehe, inatazama saa ya kompyuta, kazi imekwisha. Haihitaji kumwuliza mtu. Kubatilishwa hakuandikwi juu ya cheti, wala hakuwezi kuandikwa, kwa sababu cheti kimeshatoka mikononi mwa aliyekitoa. Nakala ziko kila mahali, na mwizi anayo mojawapo. Kubatilishwa ni habari, na habari sharti isafiri mpaka imfikie anayehusika.

Hata huo ukaguzi wa tarehe, ulio mwepesi, una kichekesho chake. Programu haijui leo ni lini. Inaiamini saa ya kompyuta. Ile betri ndogo inayoendesha saa ikifa, kompyuta ikiwashwa hujikuta katika mwaka ambao wengine wetu tulikuwa hatujazaliwa, na hapo vyeti vyote vya dunia huonekana havijaanza kutumika. Ukiona kompyuta ya mtu inakataa kila ukurasa, kabla hujamwita fundi, tazama kalenda yake.

Tuje kwenye habari inayosafiri. Njia ya zamani ya kuipeleka ni ile ya tangazo la gazetini: mtoa vyeti huandika orodha ya namba za vyeti vyote alivyovibatilisha, huitia sahihi, huweka tarehe ya kutolewa na tarehe ya orodha itakayofuata, kisha huiacha mahali ambapo kila programu inaweza kuichukua. Ni njia nzuri, ila orodha hunenepa. Mwezi Aprili 2014 ilipogunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, iliyowezesha kuzichomoa funguo za siri kutoka katika kompyuta nyingi za intaneti, vyeti vilibatilishwa kwa maelfu. Orodha ya mtoa vyeti mmoja, GlobalSign, ilivimba kutoka takriban kilobaiti 22 hadi megabaiti 4.7. Hebu fikiri simu ya mtu mwenye bando la kuhesabu ikishusha mzigo huo ili tu ajue kama duka moja ni halali.

Njia ya pili ni kuuliza hapo kwa hapo. Programu humpelekea mtoa vyeti namba ya cheti kimoja tu na kumwuliza: hiki je? Huduma hiyo hujulikana kwa herufi OCSP. Majibu yanayoweza kurudi ni matatu: cheti ni kizima, cheti kimebatilishwa, cheti hicho sikijui. Lakini kuna jambo la nne linaloweza kutokea, na kwa kweli hutokea. Hakuna anayejibu.

Hapo ndipo penye shina la tatizo. Mwenye kuandika programu lazima aamue: nisipojibiwa nifanye nini? Nimzuie mteja, au nimpitishe? Watengenezaji wa programu kubwa za kufungulia kurasa, zile ziitwazo vivinjari, kwa miaka mingi waliamua kupitisha. Siwalaumu kwa haraka. Mtandao wenyewe mara nyingi ni dhaifu, na kompyuta ya mtoa vyeti nayo ikilala, maelfu ya maduka na mabenki yatafungiwa milango kwa kosa lisilo lao. Lakini fikiri upande wa pili. Mwizi aliyeweza kukaa katikati ya simu yako na benki, akakuonyesha cheti cha wizi, ana uwezo pia wa kulizuia swali lako lisimfikie mtoa cheti. Simu itauliza, itanyamaziwa, kisha itampitisha mwizi. Ulinzi wa namna hiyo ni kama mlinzi wa usiku anayefanya kazi siku zote isipokuwa siku ya kuja majambazi.

Msikilizaji anaweza kusema haya ni mambo ya wataalamu kutishana. Basi tusafiri hadi Uholanzi, mwaka 2011.

Kulikuwa na kampuni ya Kiholanzi ikiitwa DigiNotar, mtoa vyeti aliyeaminiwa na vivinjari vyote vikubwa na hata na serikali ya nchi yake. Katikati ya mwaka ule wavamizi waliingia katika kompyuta zake wakajitolea vyeti walivyotaka. Uchunguzi ulihesabu vyeti 531 vya uongo. Kimojawapo, cha tarehe 10 Julai, kilikuwa na jina la Google, na kikapelekwa kutumika Iran. Watu waliofungua barua pepe zao kule waliiona alama ya usalama mahali pake, wakaandika maneno yao ya siri ya kuingilia, kumbe wanamwandikia mtu aliyekaa katikati. Hili si suala la shilingi 180,000. Katika nchi ambako barua ya mtu inaweza kumpeleka gerezani, yeye na waliomwandikia, huo ni uhai wa mtu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo inanikosesha usingizi. Vivinjari vya watu wale viliuliza. Vilimwuliza DigiNotar mwenyewe: cheti hiki je? Na DigiNotar akajibu: ni kizima. Sababu ni kwamba kompyuta yake ya majibu ilikuwa ikitazama orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, na chochote kisichokuwemo katika orodha hiyo kilijibiwa kuwa ni salama. Cheti cha uongo hakikuwemo, kwani hakuna aliyekuwa amekibatilisha. Na hakuna aliyekibatilisha kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kipo. Ni sawa na mama yule angepiga simu ofisini akauliza, je, kijana huyu yumo katika orodha ya waliofukuzwa? Akajibiwa hayumo. Swali lililotakiwa ni jingine: je, yumo katika orodha ya wafanyakazi wenu? Mwanzoni mwa Septemba, mambo yalipokwisha haribika, kompyuta ile iligeuzwa ijibu kwa kufuata orodha ya vyeti ambavyo kampuni ilijua kweli imevitoa.

Aliyeufumbua mkasa alikuwa mtumiaji mmoja wa Iran, ambaye mwishoni mwa Agosti kivinjari chake cha Chrome kilimwonya, kwa kuwa kilikuwa kimefundishwa vyeti halali vya Google ni vya watoaji gani. Cheti kikabatilishwa tarehe 29 Agosti. Siku chache baadaye serikali ya Uholanzi ikawatangazia wananchi usiku wa manane kwamba haiwezi tena kuhakikisha usalama wa kurasa zake yenyewe. Vivinjari vikamfuta DigiNotar katika orodha ya wanaoaminiwa, na kabla Septemba haijaisha kampuni ilikuwa imefilisika.

Na wachunguzi walijuaje ukubwa wa maafa? Walisoma daftari la yale maswali. Anwani za kompyuta zipatazo 300,000 zilikuwa zimeuliza habari za cheti kile kimoja, na zaidi ya 99 katika kila 100 zilitoka Iran. Daftari hilo lilisaidia, lakini limefichua na jambo jingine: kila unapouliza kama cheti cha ukurasa fulani ni kizima, unamwambia mtoa vyeti kwamba wewe, wa anwani fulani, saa fulani, unakwenda kwenye ukurasa huo. Kukagua kwako usalama kunakuwa ni kujichongea. Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti bila malipo na kutumiwa na kurasa nyingi sana duniani, iliitaja sababu hiyo ya faragha ilipoamua kuacha kabisa kujibu maswali ya namna hii. Mitambo yake ya majibu ilizimwa Agosti 2025, ikabaki na orodha.

Watengenezaji wa vivinjari nao wametafuta njia zao. Chrome iliacha kuuliza hapo kwa hapo mwaka 2012, ikawa inawapelekea watumiaji wake kiorodha kifupi cha vyeti vilivyo hatari zaidi. Firefox imechukua njia ya kuzibana orodha zote za dunia katika faili dogo ambalo kompyuta hulihifadhi, ikawa inakagua nyumbani bila kumwuliza mtu. Ipo pia njia ya kumtaka mwenye cheti aje na barua ya ofisini yenye tarehe ya leo, kwamba bado ni mfanyakazi. Hii kwa maoni yangu ndiyo ilikuwa ya busara kuliko zote, lakini wenye kurasa wengi hawakujishughulisha nayo.

Mwisho wa yote, wakubwa wa shughuli hii wamekubali jambo ambalo kila mwenye kampuni ya kukusanya madeni angewaambia zamani: ikiwa habari ya kufukuzwa haifiki, toa vitambulisho vya muda mfupi. Mwezi Aprili 2025 watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipiga kura. Umri wa juu wa cheti, uliokuwa siku 398, unashuka kuwa siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Cheti kikiibwa, mwizi hatakifaidi muda mrefu.

Hesabu ni nzuri, lakini cheti cha siku 47 lazima kibadilishwe mara nane kwa mwaka, na binadamu husahau. Tarehe 6 Desemba 2018 wateja wa mtandao wa simu wa O2 nchini Uingereza waliamka hawana intaneti, na wakashinda hivyo. Mtandao ulikuwa ukihudumia watu milioni 32. Kilichoharibika si mnara wala waya. Ni cheti kilichokwisha muda ndani ya programu ya kampuni ya Ericsson. Siku hiyo hiyo wateja wa SoftBank huko Japani nao walikwama.

Uingereza angalau walijua kuna kitu kimekufa. Mbaya zaidi ni cheti kinachokufa kimya kimya. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ilikuwa na mtambo wa kuchungulia mawasiliano yanayotoka na kuingia ili kubaini wezi. Cheti cha mtambo huo kilikwisha muda, na kwa miezi mingi hakuna aliyekibadilisha. Mtambo haukupiga kelele. Uliacha tu kuchungulia. Mwaka 2017 wezi walikaa ndani ya kompyuta za kampuni wakichota. Tarehe 29 Julai cheti kilipobadilishwa, mtambo ukafumbua macho, na mara ukaona mizigo ikitoka. Kumbukumbu za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimeguswa.

Kwa hiyo kijana anayeandika programu, na najua mko wengi mnaosikiliza kipindi hiki, asijione amemaliza kazi kwa sababu programu yake inasoma tarehe. Nyenzo nyingi za kuandikia programu hukagua tarehe na sahihi zenyewe, lakini kubatilishwa hazikukagui mpaka uziamuru. Ukiziacha kama zilivyo, programu itakwambia cheti ni safi, nawe utaamini umekagua. Na ukishaziamuru, amua mwenyewe itakuwaje jibu likikosekana, usiache uamuzi huo kwa bahati. Programu inayoonyesha habari za hali ya hewa inaweza kupita. Inayohamisha fedha za watu isimame.

Kuna na funguo za barua, ambazo hazina mtoa vyeti wala mkubwa yeyote. Hizi ni za programu ya PGP, aliyoitoa Phil Zimmermann wa Marekani mwaka 1991, na ndugu zake waliofuata kama GnuPG. Waandishi wa habari huzitumia kupokea barua za watu wenye siri nzito. Hapa mwenye ufunguo anajiwekea mwenyewe tarehe ya mwisho, na anaweza kuisogeza mbele. Maana yake ni kwamba tarehe unayoiona katika nakala yako huenda si ya leo: ufunguo unaodhani umekufa labda mwenyewe ameshauongezea muda. Na mwizi aliyeuiba ufunguo wote naye anaweza kuuongezea. Kubatilisha ndiko kusikorudi nyuma, ila mwenyewe lazima awe na hati ya kubatilishia. GnuPG za sasa humtengenezea mtu hati hiyo siku ile ile anapotengeneza ufunguo. Zamani wengi hawakuwa nayo, wakasahau neno lao la siri, na funguo zao za miaka ya 90, zisizo na tarehe ya mwisho, zimebaki katika maghala ya funguo kama nyumba zisizo na watu. Ukimwandikia mtu kwa ufunguo wa namna hiyo, barua itafika na hataweza kuifungua.

Programu inayotaka kujua hali ya ufunguo wa namna hii ina kazi mbili. Kwanza, ichukue nakala mpya kutoka ghalani, kwani nakala iliyo katika droo yako haiwezi kukupa habari za jana. Pili, iiombe GnuPG orodha iliyoandikwa kwa ajili ya mashine, ambayo kila mstari umegawanywa kwa nukta mbili. Katika safu ya pili ya mstari wa ufunguo huwa na herufi moja: ikiwa ni e, muda umekwisha, ikiwa ni r, umebatilishwa. Usisome ile orodha nzuri iliyoandikwa kwa ajili ya macho ya watu, maana hiyo hubadilika kwa kufuata toleo na lugha ya kompyuta, na programu iliyofanya kazi kwako itamharibikia mwenzako bila ninyi kujua kwa nini.

Nilipita dukani kwa yule jirani yangu Ijumaa iliyopita. Siku hizi ameandika namba ya ofisi ya kampuni kwa chaki nyuma ya mlango, na kila akija mkusanyaji hupiga simu kabla hajafungua droo. Nilimkuta mmoja kasimama kaunteri, kitambulisho kipya kabisa, simu inaita na haipokelewi. Akapiga mara ya pili, kimya. "Mama, mimi ni wa kampuni, tazama hata tarehe," kijana akasema. Mama akaweka simu chini, akamkaribisha kiti na maji ya kunywa, akamwambia, "Nimeiona tarehe, mwanangu. Lakini hela utaikuta Jumatatu, wakishapokea simu."